Jioni ya maisha nayo ina rangi zake

Leo naomba tuketi pamoja tuzungumze juu ya watu ambao wengi wetu huwakumbuka sana mwezi wa Desemba, tunapopanga safari ya kwenda nyumbani. Nao ni wazee wetu. Sitasema juu ya maradhi yao, wala juu ya pesa tunazowatumia kwa simu kila mwisho wa mwezi. Nataka tuitazame mikono yao, na kazi ambayo mikono hiyo ingali na hamu ya kuifanya.

Ikiwa kwenu ni Mraru, kijiji kisicho mbali na mji wa Voi katika nchi ya Wataita, basi nitakayoyasema utayaelewa upesi. Na kama hujafika huko, jua tu kwamba ni nchi yenye rangi. Udongo wake ni mwekundu hata ndovu wa Tsavo wanaojigaragaza humo hugeuka wekundu, na mgeni akidhani ndivyo walivyozaliwa. Kuna kijani kibichi cha mashamba ya mkonge, kuna mibuyu ya rangi ya kijivu, na kuna milima inayogeuka samawati jua linapotua. Mtu aliyezaliwa katika nchi kama hiyo hahitaji kufunzwa rangi. Huzaliwa akiziona.

Akina mama wa Mraru wanajulikana mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shida yao kubwa ilikuwa usafiri. Soko lilikuwa Voi, na hospitali ilikuwa Voi, lakini mabasi yaliyopita yalifika yamejaa. Penye nafasi mbili tatu, wanaume ndio waliotangulia kupanda. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni alibaki kando ya barabara akila vumbi. Akina mama hao hawakuketi kulia. Waliunda kikundi, wakachanga shilingi moja moja, wakakopa, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 wakanunua basi lao wenyewe. Habari zao ziliandikwa katika vijitabu vya maendeleo vilivyosomwa mpaka ng'ambo.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Mama aliyekuwa na umri wa miaka 30 basi hilo lilipofika, leo anabisha hodi kwenye miaka 80. Na je, mwanawe aliye Nairobi au Mombasa humwambia nini akimpigia simu? Humwambia, "Mama, wewe keti tu. Umefanya kazi ya kutosha. Pumzika." Ni maneno ya upendo hayo, wala hakuna wa kuyalaumu. Lakini mwanamke aliyewahi kununua basi, ataketi tu akitazama nini?

Hilo ndilo swali langu la leo, msomaji wangu. Je, kupumzika ni kuketi? Na ikiwa mzee wako ana jambo analolipenda, awe anachora, anasuka, anachonga au anafinyanga, wewe humsaidia kulifanya au humwondolea kwa jina la huruma?

MWALIMU NA KARATASI ZA SABUNI

Ili tusizungumze hewani, nitakusimulia habari za mama mmoja wa hapa hapa Kenya. Jina lake ni Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, baba yake akiwa mtu wa Uganda na mama yake Mkenya. Alipokuwa msichana alionekana kuwa na kipawa cha kuchora, na mwaka 1950 akaenda Chuo cha Makerere kule Kampala kusomea sanaa. Yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya chuo hicho.

Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, kumbuka zama zile. Shule hiyo ya sanaa ilikuwa imetokana na masomo aliyoyaanzisha Mwingereza Margaret Trowell katika miaka ya 1930, na wanafunzi wake walikuwa wanaume. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, msichana kuvuka darasa la nne lilikuwa jambo la kujadiliwa na ukoo mzima. Huyu alivuka mpaka akaenda kusomea uchoraji na uchongaji.

Alihitimu mwaka 1952. Halafu ikawaje? Halafu maisha yakaingia, kama yanavyoingia kwetu sote. Aliolewa, akapata watoto, akawa mwalimu. Miaka ikapita akifunza watoto wa wenzake na kulea wa kwake. Kazi ya sanaa aliyoisomea ikakaa pembeni kama kabati lililofunikwa kitambaa. Hapana shaka wako waliosahau kabisa kwamba mwalimu huyo aliwahi kuwa mchoraji.

Alistaafu ualimu mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa anakaribia miaka 60. Huo ndio wakati ambao watu wengi huuza fanicha ya nyumba ya serikali, wakafungasha virago na kurudi shambani kungojea hundi ya uzeeni. Rosemary Karuga naye alistaafu, lakini kwa kutiwa moyo na bintiye akarudi kwenye sanaa. Alikwenda kufanya kazi katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi.

Hapo akakutana na kizuizi ambacho wewe na mimi tungekifanya kuwa mwisho wa safari. Rangi za kuchorea ni ghali, turubai ni ghali, na brashi nzuri ni ghali. Mwalimu mstaafu hana pesa za kununua vitu hivyo kila wiki. Basi akatazama vilivyokuwa karibu naye jikoni. Akaona karatasi za kufungia sabuni ya Rexona. Akaona pakiti za unga. Akazikata vipande vidogo vidogo, akavipanga kwa rangi zake, akavibandika kwa gundi. Kutokana na takataka hizo zikatokea picha za wanyama, za ndege, za watu na maisha ya kijijini.

Kazi ya aina hiyo huitwa kolaji, yaani picha inayotengenezwa kwa kubandika vipande badala ya kupaka rangi. Usidhani ni mchezo wa watoto wa chekechea. Ukipaka rangi, waweza kuchanganya nyekundu na nyeupe ukapata waridi unayoitaka. Kwa karatasi huna ruhusa hiyo. Rangi ni ile iliyopigwa chapa kiwandani, nawe huna budi kuitafuta katika rundo mpaka uipate. Kivuli cha chini ya shavu la mtu chaweza kuwa kimefichika katika herufi moja ya pakiti ya unga. Mkono unaofanya kazi hiyo lazima uwe mtulivu, na jicho lazima liwe kali. Zaidi ya yote, mtu lazima awe na subira, na subira ndiyo mali ambayo wazee wanayo kwa wingi kutuzidi.

Picha zake ukizikaribia waona vipande tu, hiki hapa na kile pale. Ukirudi nyuma hatua chache, vipande vinashikana na picha inakutazama. Waliozitazama walizifananisha na zile picha za kale za vigae vidogo zilizo katika kuta za makanisa ya zamani ya Ulaya. Tofauti ni kwamba vigae vyake yeye vilitoka dukani kwa jirani, na sabuni yake ilikuwa imekwisha tumika.

Sasa sikiliza lililofuata. Mwaka 1990 jumba la makumbusho la Studio Museum lililoko Harlem, katika jiji la New York, liliandaa maonyesho makubwa ya wasanii wa Afrika wa kisasa. Walikuwemo mabingwa kama El Anatsui wa Ghana na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Katika orodha hiyo mwanamke alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Rosemary Karuga wa Kenya, mwalimu mstaafu mwenye umri upatao miaka 62, na karatasi zake za sabuni. Baadaye alitakiwa hata kutengeneza picha za kuandamana na hadithi maarufu ya mwandishi wa Nigeria, Amos Tutuola.

Mwaka 2006 alihamia Ireland kuishi karibu na bintiye, na huko ndiko alikofariki Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 92. Hesabu tena, msomaji. Tangu alipostaafu ualimu hadi kufa kwake ni zaidi ya miaka 30. Hiyo si mabaki ya maisha. Hiyo ni miaka ambayo mtu angeweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kupata watoto ndani yake.

MOTO ULIPOPITA

Nimetaja Paa ya Paa, na sipendi kuipita bila kukueleza, maana nayo ina mzee wake. Kituo hicho kilianzishwa Nairobi mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau pamoja na wenzake. Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, yaani ng'ambo tu ya mpaka ukishatoka Taveta. Kwa watu wa Taita Taveta huyo ni kama jirani aliyeko upande wa pili wa ua. Naye pia alisoma sanaa Makerere.

Ukienda Murang'a, katika kanisa la Mtakatifu James, utaziona picha alizochora ukutani mwaka 1959. Ni picha za maisha ya Yesu, lakini Yesu huyo ni Mwafrika, na mandhari ni ya vilima na mashamba ya nchi yetu. Kuchora hivyo mwaka 1959, wakati hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa, kulihitaji moyo. Njau alikuwa na umri wa miaka 27 tu.

Lakini si Njau kijana ninayetaka umkumbuke leo. Mkumbuke wa mwaka 1997. Mwaka huo moto uliingia Paa ya Paa ukateketeza majengo, picha, vitabu na kumbukumbu zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 30. Mwenye kituo alikuwa na umri wa miaka 65. Nakuuliza, msomaji, ungekuwa wewe ungefanya nini? Wengi tungetikisa vichwa, tukasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, kisha tukafunga lango. Njau na mkewe Phillda hawakufunga lango. Waliendelea kuwakaribisha wasanii katika kiwanja kile kile cha majivu, na michongo iliyoungua ikabaki pale kama shahidi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini tutazame kwa makini jambo ambalo methali hiyo haisemi. Koleo halijitengenezi lenyewe. Ni mhunzi anayelitengeneza, na mhunzi huyo akiwa mzee huhitaji mtu wa kumshikia mvukuto.

SI HAPA KWETU TU

Pengine utasema hawa walikuwa wasomi wa Makerere, na kwamba mzee wako wa Mraru hakusoma hata shule ya msingi. Basi sikia habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyejulikana kama Grandma Moses, yaani Nyanya Moses. Alizaliwa mwaka 1860, akawa kijakazi, kisha mke wa mkulima. Alikuwa akipamba vitambaa kwa sindano. Vidole viliposhikwa na baridi yabisi, sindano ikamshinda. Akaona brashi ni nyepesi kuliko sindano, akaanza kuchora kwa bidii akiwa amevuka miaka 75. Alikufa mwaka 1961 akiwa na miaka 101, na picha zake zilikuwa zimeenea dunia nzima.

Au mtazame Mfaransa Henri Matisse, mchoraji wa kutajika. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji mkubwa uliomwacha dhaifu, akiwa mtu wa kitandani na kiti cha magurudumu. Hakuweza tena kusimama mbele ya turubai kutwa nzima. Akashika makasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akazikata na kuzipanga akiwa ameketi. Baadhi ya kazi zake zinazopendwa mno leo zilitoka katika miaka hiyo ya ugonjwa, kabla ya kufa kwake mwaka 1954. Waona, basi, kwamba Mfaransa wa hospitali na mwalimu wetu wa Meru walifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti. Mmoja alifikishwa na mwili uliokataa, mwingine na mfuko uliokataa. Wote wawili walikuta makasi na karatasi vikiwangoja.

Na nyumbani Afrika Mashariki, ni nani asiyemkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyevaa kaptura na soksi mwaka 2004 akaenda kuanza darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84? Au Bi Kidude wa Unguja, aliyepiga ngoma na kuimba karibu mpaka siku zake za mwisho mwaka 2013? Hao tuliwapigia makofi. Lakini tuseme kweli baina yetu. Kama Maruge angekuwa baba yako mzazi, siku ile alipotaka kushonewa kaptura ungempigia makofi, au ungeona haya mbele ya majirani?

MAMBO YA NYUMBANI

Sasa tuje kwako wewe unayenisoma Umoja, Buruburu, Kisauni au Changamwe. Najua hali ilivyo. Nyanya analetwa mjini kwa sababu presha imepanda, au kwa sababu huko kijijini amebaki peke yake na ndovu wanavunja ua usiku. Mnakwenda kumchukua Jumamosi kwa gari la kukodi. Mnafungasha nguo zake, dawa zake na kitambulisho chake. Halafu mnafika kwenye kona ya nyumba penye kapu la nyuzi za mkonge, vibuyu vyenye rangi, kalamu za mkaa, mabaki ya vitambaa na makaratasi. Kijana mmoja anasema, "Hizi takataka tuzichome." Moshi unapanda, gari linaondoka.

Miezi miwili baadaye mwamwona Nyanya ameketi kwenye kiti cha plastiki penye roshani ya orofa ya nne. Hali vizuri, hazungumzi, na kila akiulizwa anasema yu mzima. Mnampeleka kwa daktari, daktari haoni kitu. Msomaji, huenda ugonjwa huo hauko mwilini. Huenda ulichomwa moto siku ile kule nyumbani.

Akina mama wa Taita wanasifika kwa kusuka vikapu vya mkonge. Mama anayesuka kikapu huchagua rangi, hupanga mistari, huhesabu nyuzi kichwani bila daftari. Ukimtazama waweza kudhani anapitisha wakati tu. Lakini pale kwenye kikapu anaamua. Na katika maisha yake ya uzee, mahali anapoamua mwenyewe ni pachache sana. Chakula chake kinaamuliwa na daktari, safari yake inaamuliwa na mwanawe, na saa ya kulala inaamuliwa na maumivu ya mgongo. Kikapu ndicho ufalme wake uliobaki. Ndiyo maana nasema ukimnyang'anya kikapu hukumpa pumziko, umempindua.

Usiniambie kwamba sanaa haileti chakula. Najua karo ipo, kodi ya nyumba ipo, na mzee mwenyewe anahitaji dawa. Sisemi uache kununua dawa ukanunue rangi. Nasema picha za mama yetu Karuga zilitoka katika karatasi ambazo wewe umezitupa asubuhi ya leo. Pakiti ya unga wa ugali ungali unayo jikoni. Makasi unayo. Gundi yaweza kupikwa kwa unga na maji katika sufuria ndogo. Kinachopungua si pesa. Kinachopungua ni meza, mwanga, na mtu wa kusema, "Nyanya, hii ni nzuri, hebu nieleze ulivyoifanya."

Kwa hivyo nina machache ya kukuomba, nawe uyapime.

Kwanza, kabla ya kumhamisha mzee, mwulize ni vitu gani vya mikono yake angependa kuchukua. Mwulize yeye, usiulize ndugu zako. Na vitu hivyo vipakiwe kabla ya sufuria.

Pili, yaangalie macho yake. Wazee wengi huacha kazi waliyoipenda, nasi tukadhani wameichoka, kumbe hawaoni. Mtoto wa jicho ni ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mdogo, na miwani ya kusomea si kitu cha kumshinda mtu mwenye kazi. Mpeleke apimwe. Kisha weka kiti chake karibu na dirisha, mahali pa mwanga wa asubuhi.

Tatu, tunza anachokitengeneza. Picha ya karatasi haipendi jua kali, haipendi unyevu, na mchwa huipenda mno. Iweke mahali pakavu, uiinue kutoka sakafuni. Nyuma yake andika kwa penseli jina la aliyeitengeneza, mahali na mwaka. Kazi nyingi za wazee wetu zimepotea kwa sababu hakuna aliyeandika jina, na baada ya miaka 20 wajukuu hawakujua ni ya nani.

Nanyi wanafunzi, msidhani nimewasahau. Wakati mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi vilikuwa sehemu ya mafunzo ya shule ya msingi. Wazazi wenu wanakumbuka walivyofinyanga vyungu na kusuka mikeka ya kupeleka kwa mwalimu. Tena wanakumbuka vizuri zaidi jinsi mikeka mingine ilivyosukwa usiku na nyanya zao, wao wakiwa wamelala fofofo! Baadaye somo hilo lilififia, na siku hizi mtaala mpya unalirudisha. Mkiambiwa shuleni mlete kazi ya mikono, msikimbilie dukani kuinunua. Mpigieni Nyanya simu. Mwambieni awafunze. Mtapata alama, naye atapata kitu ambacho hakuna daktari awezaye kumwandikia.

Na likizo ikifika, treni ya Madaraka inasimama Voi. Ukishuka hapo, kutoka mjini mpaka Mraru si safari ya kukutisha, na siku hizi hutagombania nafasi kama walivyogombania akina mama wale. Chukua daftari na penseli. Keti kando ya mzee, umwombe akuchoree nyumba aliyozaliwa, hata kama haipo tena. Usijali mstari ukipinda. Mwulize mlango ulitazama wapi, mbuzi walilala wapi, mti wa kivuli ulikuwa upi. Utashangaa jinsi mkono unaotetemeka ukibeba kikombe unavyotulia ukishika penseli.

Mzee asiye na la kufanya huhesabu siku zilizobaki. Mzee mwenye kazi aipendayo huhesabu kazi iliyobaki, na hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza hupungua kila asubuhi. Ya pili huongezeka, kwa maana picha moja ikiisha huzaa hamu ya nyingine. Mwalimu wa Meru alijua hivyo, ndiyo maana karatasi ya sabuni haikuwa takataka machoni pake.

Basi leo, kabla jua halijatua, fanya jambo moja dogo. Pakiti ya unga ikiisha, usiitupe. Ikunjue, uifute, uiweke pembeni. Kisha mpigie simu mzee wako, na baada ya kumjulia hali usimwulize kama amekula. Mwulize, "Leo umetengeneza nini?" Akinyamaza, usikate simu. Ngoja. Anatafuta pa kuanzia.

Mungu akipenda tuonane Jumapili ijayo.